Kuruka Kulikopimwa na Kutua Kusikopimwa: Urukiramende wa Rwanda, Kisenyi na Historia ya Utafiti wa Jeraha la Goti

Ikisiri

Makala hii inaupitia upya mchezo wa kale wa Rwanda uitwao gusimbuka urukiramende, uliopata umaarufu duniani kutokana na msafara wa Kijerumani wa mwaka 1907, kwa kuuliza swali ambalo wanahistoria wa mchezo huo wameliuliza kwa nadra: mrukaji alituaje? Inajengwa hoja kwamba kumbukumbu za kikoloni zilihifadhi kimo cha kamba na kuacha kutua, ilhali utafiti wa karne iliyofuata kuhusu kano za goti umebainisha kuwa hatari kubwa imo katika kutua. Pengo hilo la kumbukumbu linakwenda sambamba na pengo la istilahi katika Kiswahili, na mapengo yote mawili yanaonekana bayana Rubavu, mji wa mpakani ambako watu huruka, huumia na hueleza maumivu yao kwa Kiswahili kila siku.

Msafara na picha yake

Mwaka 1907 Mwanamfalme Adolf Friedrich wa Mecklenburg aliongoza msafara wa kisayansi ulioingia Rwanda ukitokea upande wa Bukoba. Alifuatana na wataalamu wa fani mbalimbali: Mildbraed wa mimea, Schubotz wa wanyama, Kirschstein wa miamba, von Raven ambaye alikuwa tabibu, na Jan Czekanowski, mwanaanthropolojia wa Kipolandi ambaye kazi yake ilihusu watu wenyewe, mila zao na vipimo vya miili yao. Nyuma ya mabwana hao walikuwapo askari na wapagazi, na lugha ya askari na wapagazi katika koloni la Afrika Mashariki ya Kijerumani ilikuwa Kiswahili.

Msafara ulipokelewa Nyanza, makao ya Mwami Yuhi Musinga, kisha ukaelekea Ziwa Kivu hadi Kisenyi, kituo cha kijeshi cha Wajerumani ambacho vitabu vyao vilikiandika Kissenji na ambacho leo ni Gisenyi, mji mkuu wa wilaya ya Rubavu. Kutoka Kisenyi wataalamu walitawanyika kwenda kuchunguza volkano za Virunga. Mawe, mimea, wadudu na vilele vilipimwa na kuorodheshwa kwa uangalifu mkubwa. Kitabu cha msafara kilichapishwa kwa Kijerumani mwaka 1909 na tafsiri yake ya Kiingereza ikatoka mwaka uliofuata. Msomaji wa Berlin au London aliyekifungua alikutana na volkano, sokwe na misitu. Lakini picha iliyokumbukwa kuliko nyingi ilikuwa ya mtu mmoja angani.

Picha hiyo ilipigwa Nyanza. Vijana wa ikulu, wale intore waliolelewa katika mafunzo ya vita, ushairi na ngoma, walionyesha namna wanavyoruka juu ya kamba nyembamba iliyotandazwa kati ya miti miwili. Mrukaji ameganda hewani, magoti yamekunjwa, na wakuu wa msafara wamesimama karibu na kamba ili kimo chake kionekane. Adolf Friedrich aliandika kuwa aliona miruko ya mita 2.50. Ili kuelewa mshtuko wa wasomaji wake, inatosha kukumbuka kwamba rekodi bora iliyotambuliwa wakati huo ilikuwa mita 1.97, iliyowekwa na Michael Sweeney wa Marekani mwaka 1895, na kwamba Shirikisho la Kimataifa la Riadha lilipoanza kuandikisha rekodi mwaka 1912 lilianza na mita 2.00 za George Horine. Hata leo, zaidi ya karne moja baadaye, rekodi ya dunia ni mita 2.45 za Javier Sotomayor wa Kuba, aliyoiweka Salamanca mwaka 1993.

Jina la mchezo linastahili kuelezwa kidogo. Kitenzi gusimbuka maana yake ni kuruka. Urukiramende ndicho kile kinachorukwa, na katika madarasa ya hisabati ya Rwanda neno hilohilo limekuja kutumika kwa umbo la mstatili. Anayeitazama milingoti miwili, kamba na ardhi atauona mstatili huo mara moja. Upande wake wa juu umeandikiwa vitabu, na upande wake wa chini, yaani ardhi, ndio unaohusika na makala hii.

Namba iliyofanya kazi nyingi

Mwanajiografia Mwingereza John Bale, katika kitabu chake cha mwaka 2002 kuhusu mchezo huu na namna wakoloni walivyouwakilisha, alionyesha kwa kina kuwa mita 2.50 haikuwa kipimo cha michezo kama wanariadha wanavyokielewa. Hapakuwa na waamuzi wala utepe uliokaguliwa, na warukaji walijirushia kutoka kwenye jiwe au kichuguu kidogo, jambo ambalo sheria za riadha haziruhusu. Juu ya hayo, pembe ya kamera inaweza kuongeza au kupunguza kimo machoni pa mtazamaji. Ukosoaji huo ni wa haki. Hauna maana kwamba vijana wa Nyanza hawakuruka juu sana. Maana yake ni kwamba namba hiyo haiwezi kulinganishwa na za Sweeney na Horine.

Licha ya hayo namba iliendelea kufanya kazi. Ilinakiliwa katika majarida, katika vitabu vya safari na katika matangazo ya utalii ya enzi ya Wabelgiji. Kazi yake mbaya zaidi ilikuwa kuthibitisha nadharia ya mbari. Waandishi wa kikoloni waliokwisha kuamua kwamba Watutsi ni watu wa asili tofauti na jirani zao waliuchukua mruko kama ushahidi wa mwili, na mafunzo ya miaka mingi ya kijana wa ikulu yakasomwa kama damu. Rwanda inajua nadharia hiyo iliishia wapi, na ndiyo sababu mtafiti yeyote wa historia ya mwili nchini humo hana budi kuanza kwa kuuliza nani alipima, alipima nini, na kwa nini.

Adolf Friedrich mwenyewe hakuachana na michezo. Aliingia katika Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki mwaka 1926, na baada ya Vita vya Pili vya Dunia akawa rais wa kwanza wa kamati ya Olimpiki ya Ujerumani Magharibi. Rwanda, nchi iliyosifiwa kwa miaka mingi kuwa ya warukaji bora duniani, ilishiriki Olimpiki kwa mara ya kwanza mwaka 1984 huko Los Angeles. Kufikia hapo urukiramende ulikuwa umekwisha kufifia pamoja na ikulu iliyoulea. Ufalme uliondolewa mwaka 1961, na viwanja vya shule vilikuwa vimeshatawaliwa na kandanda.

Deni la kichuguu

Mjadala wote uliotajwa hadi hapa, wa wanaosifu na wa wanaokosoa, unahusu nusu moja ya tendo. Kuruka kuna kupanda na kushuka. Picha ya Nyanza imenasa kilele, na simulizi zinataja kilele. Mguu uligusaje ardhi, ardhi yenyewe ilikuwa ya namna gani, na nani alichechemea kesho yake, hayo hayakuingia katika umaarufu wa mchezo huu. Ni jambo la kustaajabisha kidogo, kwa kuwa msafara ulikuwa na tabibu na pia mtu ambaye kazi yake ilikuwa kupima miili. Kwa wageni wale mwili wa Mnyarwanda ulikuwa umbo la kupimwa, na umbo halina goti linalouma.

Hata hivyo kutua kunaweza kujadiliwa kwa hesabu nyepesi. Tuseme kiini cha uzito wa mrukaji kinashuka takribani mita moja kutoka kilele hadi nyayo zinapogusa chini. Atafika ardhini kwa mwendo wa karibu mita 4.4 kwa sekunde. Mwendo huo lazima uishe, na ukali wake mwilini unategemea umbali ambao mwili unautumia kuumaliza. Akitua amekakamaa, magoti yakikunjika kidogo tu kiasi cha kiini cha uzito kushuka sentimita 10, wastani wa nguvu inayopanda kutoka ardhini utakuwa mara 11 ya uzito wake. Akichuchumaa kwa utaratibu na kuutandaza ule mshtuko kwa sentimita 40, wastani utashuka hadi mara tatu na nusu. Mtu ni yuleyule na mruko ni uleule. Kilichobadilika ni namna ya kutua.

Hapa kichuguu cha Nyanza kinapata maana mpya. Wakosoaji wamekitaja ili kupunguza sifa ya mrukaji: alisaidiwa, kwa hiyo sentimita kadhaa si zake. Ni kweli. Lakini mrukaji aliyejirusha kutoka juu ya kichuguu alitua upande wa pili, kwenye ardhi tambarare. Kila sentimita aliyokopeshwa wakati wa kupanda alidaiwa wakati wa kushuka, na aliilipa kwa nyayo, vifundo na magoti, kwa miguu mitupu, juu ya udongo ulioshindiliwa. Kwa mtazamo wa riadha kichuguu ni udanganyifu mdogo. Kwa mtazamo wa goti ni mzigo wa ziada, na vijana wale waliubeba mbele ya hadhira.

Yawezekana kabisa kwamba waliubeba vizuri. Ngoma ya intore ni shule ndefu ya kutua: mchezaji huruka na kukanyaga, tena na tena, kwa mdundo, akiwa na njuga miguuni zinazomsuta papo hapo akichelewa. Hii ni dhana tu, nayo haipaswi kugeuzwa kuwa sifa nyingine ya kimbari. Ila ni dhana inayoweza kupimwa leo kwa wachezaji walio hai, na ni ya maana zaidi kuliko kuendelea kubishana kuhusu sentimita za mwaka 1907.

Ulaya nako, kutua kulichelewa kueleweka

Ingekuwa dhuluma kuwalaumu wasafiri wale kwa kutojua ambacho hata hospitali zao zilikijua kwa shida. Ndugu wawili, Wilhelm na Eduard Weber, walichapisha mwaka 1836 huko Göttingen uchunguzi wa namna binadamu anavyotembea, wakaeleza kazi ya zile kano mbili zinazopishana kama msalaba ndani ya goti. Mwaka 1895 Mayo Robson wa Leeds alizishona kano hizo kwa mchimba makaa wa umri wa miaka 41, na mwaka 1917, katikati ya vita, Hey Groves wa Bristol akaeleza jinsi ya kutengeneza kano mpya kutokana na utando wa paja. Mgonjwa wa kwanza maarufu wa kano hizi, basi, alikuwa kibarua wa mgodini. Mwanamichezo alikuja kutawala historia hii baadaye sana.

Katika riadha, kilichobadilisha kuruka kwa kiasi kikubwa kilikuwa mahali pa kuangukia. Maadamu mrukaji aliangukia mchanga au maranda ya mbao, ilimpasa atue kwa miguu au angalau kwa utaratibu, na mitindo yote ya kuruka ilifuata sharti hilo. Magodoro ya sponji yalipoenea katika miaka ya 1960, mtu aliweza kuanguka kwa mgongo bila kuvunjika shingo. Dick Fosbury alifanya hivyo Mexico mwaka 1968, akaruka mita 2.24 na kupata dhahabu. Aliyetandika godoro alibadilisha mchezo kuliko kocha yeyote. Mrukaji wa Nyanza hakuwa na godoro, hivyo mtindo wake wa kuvuka kamba akiwa karibu wima, miguu ikiwa tayari kupokea ardhi, haukuwa ushamba wa ufundi. Ulikuwa jibu sahihi kwa ardhi aliyokuwa nayo.

Utafiti wa kutua kwenyewe umekomaa katika miongo mitatu iliyopita. Jambo la kwanza lililothibitika ni kwamba kano ya msalaba ya mbele, ambayo huuzuia mfupa wa muundi usiteleze mbele na kujipinda chini ya paja, hukatika mara nyingi bila mchezaji kugongwa na mtu: anatua, anakatisha mbio, anageuka, na goti linamwacha. Mwaka 2005 Hewett na wenzake nchini Marekani walichapisha matokeo ya wasichana 205 wa kandanda, kikapu na voliboli waliopimwa namna wanavyotua kabla ya msimu. 9 kati yao walikatika kano hiyo, nao ndio ambao magoti yao yalielekea ndani zaidi walipotua. Mwaka 2010 Koga na wenzake walichambua video za ajali 10 za wanawake wa mpira wa mikono na kikapu, wakakadiria kwamba kano ilikatika takribani milisekunde 40 baada ya mguu kugusa sakafu.

Milisekunde 40 ni muda mfupi kuliko mwitikio wa hiari wa misuli. Mchezaji hawezi kuhisi kwamba anatua vibaya kisha akajirekebisha. Goti huokolewa au hupotezwa na mwili uliojiandaa ungali hewani, na maandalizi hayo ni mazoea yaliyojengwa kwa miezi.

Baadaye ilikuja tahadhari ambayo washauri wa sera hawapaswi kuikosa. Mwaka 2016 Krosshaug na wenzake nchini Norwe walichapisha matokeo ya wanawake 710 wa mpira wa mikono na kandanda, ambao 42 kati yao waliumia kano hiyo bila kugongwa. Kipimo cha kuruka kutoka kwenye kisanduku, kilichotarajiwa kutambua mapema walio hatarini, kilishindwa kuwatenganisha watakaoumia na wasioumia kwa kiwango cha kufaa. Wakati huohuo mazoezi ya kinga yanayotolewa kwa wote bila kubagua yameendelea kuonyesha matunda. Jaribio la programu ya mazoezi ya FIFA kwa wasichana wa Norwe, lililochapishwa mwaka 2008, lilipunguza majeraha mabaya kwa karibu nusu. Jaribio la Lagos kwa vijana wa kiume 416, lililochapishwa na Owoeye na wenzake mwaka 2014, lilipunguza majeraha yote kwa asilimia 41. Lagos ni muhimu hapa kuliko Oslo. Linaonyesha kwamba kinga haihitaji maabara, wala kamera za bei kubwa, wala kumchagua nani apimwe. Inahitaji uwanja, dakika chache kabla ya mazoezi, na kocha anayejua kusema afanye nini.

Kocha huyo atasema kwa lugha gani?

Neno kuteguka na mzigo wake

Kiswahili hakina umaskini wa maneno ya goti. Kina goti lenyewe, kilegesambwa au pia ya goti kwa mfupa wa mbele, paja, muundi, kifundo, ndewe za mbali na ugoko wa karibu kwa anayetaka ucheshi. Umaskini unaanza ndani, pasipoonekana. Neno kano hutumika kwa ukanda unaounganisha msuli na mfupa, na pia kwa ukanda unaounganisha mfupa na mfupa, ingawa kazi zake na tiba zake ni tofauti. Neno mshipa limebeba njia ya damu, neva, na maumivu yoyote yanayotambaa. Na kitenzi kuteguka kimebeba kila kitu: kano iliyovutika, kano iliyokatika, kiungo kilichochomoka na kurudi, na hata kifundo kilichopinda kidogo njiani kwenda sokoni. Anayesema goti limeteguka amesema kweli, lakini hajasema kama atapona kwa wiki mbili au kama goti hilo halitakuwa imara tena bila upasuaji.

Mtu anaweza kujibu kuwa lugha zote za watu wa kawaida ziko hivyo, na atakuwa sahihi. Mfaransa asiye tabibu husema amejipinda goti, naye hachekwi. Tofauti ni kwamba Mfaransa akifika kliniki hukuta ngazi ya pili ya maneno inamsubiri katika lugha yake. Mzungumzaji wa Kiswahili aghalabu huhamishwa lugha mlangoni. Istilahi zinazofaa si ngumu kuzipata: kano ya msuli kwa ile ya kwanza, kano ya kiungo kwa ile ya pili, kano ya msalaba ya mbele na ya nyuma kwa zile zinazopishana ndani ya goti. Zina faida ya kueleweka kwa asiyesoma. Wapo watakaopendelea ligamenti, na neno hilo halina ubaya katika kitabu cha chuo. Kwa kocha wa mtaani, hata hivyo, linaongeza kazi ya kueleza kitu ambacho neno kano limekwisha kukieleza nusu.

Vivyo hivyo kwa tendo. Mafunzo ya michezo katika Kiswahili yana msamiati mpana wa kupanda: ruka, chupa, jirushe, inuka. Kwa kushuka kuna kutua tu, na mara nyingi hata hilo husahauliwa, kana kwamba aliyekwisha kuruka atajitua mwenyewe. Pengo lile la picha ya Nyanza limo ndani ya amri za makocha. Sentensi chache zinatosha kuliziba: tua kwa nyayo mbili, kunja magoti kabla hujagusa, goti lielekee vidole, lisiangalie mwenzake, tua kimya. Amri hiyo ya mwisho pengine ndiyo bora, kwa sababu mchezaji anaweza kujisahihisha kwa sikio kama vile mcheza intore anavyosutwa na njuga zake.

Rubavu, kati ya lava na mchanga

Yote haya yangeweza kusemwa kuhusu mji wowote, lakini Rubavu una sababu zake. Mpaka uliowekwa kwa makubaliano ya Brussels mwaka 1910 uliiacha Kisenyi upande mmoja na Goma upande mwingine, na watu wakaendelea kuvuka. Kiswahili kilichofika na askari na wapagazi kilibaki kwa nguvu ya soko; katika mji huu hakikusubiri sheria. Bunge la Rwanda lilipopitisha mwezi Februari 2017 sheria ya kukifanya Kiswahili lugha rasmi, pamoja na Kinyarwanda, Kifaransa na Kiingereza, kwa wachuuzi wa Gisenyi serikali ilikuwa imewafuata wao.

Ardhi nayo ina historia. Nyiragongo, volkano ambayo wataalamu wa 1907 waliikaribia wakitokea Kisenyi, ilimwaga lava hadi ndani ya Goma tarehe 17 Januari 2002, na ikalipuka tena tarehe 22 Mei 2021, mitetemeko iliyofuata ikibomoa nyumba Rubavu. Lava iliyoganda ni sakafu isiyosamehe, na upande wa Goma watoto hucheza mpira juu yake kwa sababu ndiyo iliyopo. Mwendo wa dakika chache kutoka hapo, ukingoni mwa ziwa, kuna mchanga. Rubavu iliandaa mashindano ya ziara ya dunia ya voliboli ya ufukweni mwaka 2019 na tena 2021. Mchanga hunyonya sehemu ya mshtuko na kuongeza ule umbali wa kusimama uliojadiliwa hapo juu, kwa hiyo msichana wa Gisenyi anayejifunza kuruka ufukweni anafundishwa na ardhi laini. Siku atakapopelekwa kwenye sakafu ya ndani, ya saruji au ya mbao, deni lake litabadilika bila mtu kumwambia.

Ni yeye hasa aliye hatarini. Warukaji wa urukiramende walikuwa wanaume, na historia yote ya mchezo huo imeandikwa kama historia ya wanaume. Utafiti wa sasa unaonyesha kuwa katika michezo inayofanana wanawake hukatika kano ya msalaba ya mbele mara kadhaa zaidi kuliko wanaume. Taifa linalowahimiza wasichana kuingia viwanjani, jambo ambalo Rwanda imelifanya kwa bidii, linachukua pamoja na fahari hiyo wajibu wa magoti yao.

Kwa washauri wa sera, kuna mambo mawili ambayo hayana gharama kubwa. La kwanza ni kutonunua mitambo ya kuwachuja wachezaji kabla ya kuwafundisha kutua; ushahidi wa Norwe hauungi mkono uchujaji huo, na ushahidi wa Lagos unaunga mkono mafunzo kwa wote. Mwongozo wa mazoezi hayo unaweza kuandikwa kwa Kiswahili cha pamoja na kutumiwa pande zote mbili za mpaka, kwa kuwa timu za Gisenyi na Goma hucheza pamoja kuliko makaratasi yao yanavyokutana. Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki iliyoko Zanzibar ndiyo inayofaa kusimamia istilahi zake.

La pili linahusu daftari. Katika zahanati, mchezaji aliyeumia huandikwa jina, umri, na sababu ya kuja. Kwenye safu ya sababu, kuteguka kunaweza kuingia na kufunga mjadala. Safu hiyo ingegawanywa kwa maswali manne, yaani alikuwa anaruka au anatua, juu ya ardhi gani, aligongwa au hakugongwa, na goti lilitoa mlio au halikutoa, muuguzi asingehitaji zaidi ya dakika moja kuijaza. Baada ya misimu mitatu Rubavu ingekuwa na kumbukumbu ya kutua ambayo Nyanza ya 1907, pamoja na kamera yake na tabibu wake, haikutuachia.